Kitambaa Cheupe Uwanjani Kosele

Ndugu zangu wa Mwanza, mmenisumbua vya kutosha. Tangu mniage pale stendi, kila asubuhi simu inalia: ulifika? ulicheza? mama alikuona? Juma kipa ndiye amezidi, maana huyo hata uwanjani alikuwa anapiga kelele kabla mpira haujafika. Nikijibu kwa maneno mawili matatu mnasema naficha. Sasa niko nyumbani, nimekaa, goti nimeliweka juu ya kigoda, na nitawasimulia yote. Mkichoka, msinilaumu mimi.

Kwanza niwakumbushe wale walioingia kwenye kundi letu juzi na wanacheka bila kujua tunacheka nini. Nimecheza kiungo maisha yangu yote: Kosele, Migori, Nairobi, Oman, Uswidi, kisha kwenu Mwanza, ambako goti la kulia lilistaafu kabla ya mwenyewe. Katika miaka hiyo yote mama yangu mzazi hakuwahi kuniona nikicheza, hata mara moja. Mama ni Msabato. Sabato yake inaingia Ijumaa jua likizama na kutoka Jumamosi jua likizama, na mpira wa dunia hii, mnajua wenyewe, ni Jumamosi. Siku nyingine alikuwa sokoni na omena zake, dagaa mnavyowaita ninyi. Nilipofika mahali pa kuweza kumlipia nauli aje, tayari nilikuwa ng'ambo, na mama si mtu wa kupanda ndege.

Sasa ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshafunga, la kulia linaona mchana tu, tena kwa shida, na daktari alimwambia kwamba kilichokwenda hakirudi. Nilitaka anione mara moja tu, kabla jicho lake na goti langu havijamaliza kazi. Hicho ndicho kilichonipeleka nyumbani. Hizo hotuba zenu za stendi kuhusu kuwekeza kwenye ufugaji nilizisikia, lakini sikuwa na akili ya kuku siku ile.

Na angalieni nilivyo. Nilipompigia simu mdogo wangu Otieno apange mechi ya kuniaga pale Kosele, nilimwambia Jumamosi. Mazoea tu, ulimi ulitoka wenyewe. Otieno akasema, "Omera," ndugu yangu, "kwani wewe ulilelewa nyumba gani?"

Tukahamisha mechi hadi Ijumaa jioni, ichezwe na kuisha kabla jua halijazama. Jumapili haikuwezekana, kwa kuwa uwanja uko ubavuni mwa kanisa lingine na siku yao ya ibada haufunguliwi. Wenzangu wa zamani waliomba ruhusa kazini Nairobi na Kisumu kwa ajili ya Ijumaa hiyo moja. Ikipita, imepita.

Sirare hadi Isebania

Basi lenu lile mlilolisifu lilivunjika springi karibu na Tarime, kwa hiyo usiku nililala Sirare badala ya kulala kwetu. Ijumaa asubuhi nikavuka mpaka kuingia Kenya kwa miguu, begi mgongoni na lile gunia lenu la njumu kuukuu kichwani. Wazo la kuchangia watoto wa Kosele viatu vyenu vya zamani lilikuwa zuri. Kuvibeba ndiko hakukuwa kuzuri.

Upande wa Isebania askari mmoja kijana akaniita kwa kidole.

"Wewe mzee, kuja hapa. Hii gunia umebeba nini?"

"Viatu vya mpira, afande. Vya zamani. Ni zawadi ya watoto."

"Zawadi. Hapa kila mtu ako na zawadi. Hii ni biashara. Fungua."

Nikaanza kumweleza kuhusu mama na mechi na jua. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa uongo mrefu asubuhi na mapema. Nikafungua gunia. Akainama kuchungulia, akavuta pumzi, akaruka nyuma akishika kofia.

"Ai! Ai, funga hiyo kitu! Funga! Hizi hata mtu wa mtumba hawezi shika. Enda, enda na hizo maneno zako!"

Juma, vile viatu vyako vilikuwa juu kabisa. Nakushukuru kwa moyo wote.

Nikakaa kwenye kibanda kunywa chai ya rangi na mandazi, wabadilisha pesa wakipita na mabunda mikononi, malori yamejipanga hadi macho yanachoka. Nikakumbuka nikiwa kidato cha pili, timu ya shule ililetwa hapa kucheza na shule ya Wakuria, na siku ya pili tukavushwa kucheza mechi ya kirafiki Sirare. Nilirudi nyumbani kifua mbele nikamwambia mama nimecheza ng'ambo. Ng'ambo yenyewe ilikuwa upande wa pili wa barabara. Mama hakuuliza matokeo. Aliuliza, "Huko ng'ambo walikupa chakula?" Swali hilo hilo aliniuliza Oman, na aliniuliza Uswidi.

Migori, siku ya Mzee Swaleh

Migori nilikuwa na mtu. Mzee Swaleh ni mwenyeji wa Lamu aliyekuja mji ule kijana akiuza vitambaa, akaishia kufungua duka la vifaa vya ujenzi, akazeekea hapo. Nilipochukuliwa na timu ya mji baada ya shule sikuwa na pa kulala, naye akanipa stoo yake. Msimu mzima nililala juu ya mifuko ya saruji. Nikitoka asubuhi kwenda mazoezini nilikuwa mweupe nyusi hadi vidole, na mashabiki wakaniita Mzungu miaka mingi kabla sijaona theluji. Jezi za mechi yetu ya Kosele alizitoa yeye, na pikapu ya kutufikisha ni yake.

Nilifika jua halijapanda sana. Nikahesabu kichwani: tunaondoka sasa, tunampitia refa Homa Bay, alasiri tuko Kosele, tunacheza kwa raha zetu. Kiungo ana tabia ya kuona njia nzima imefunguka mbele yake. Beki ndiye humwonyesha ukweli.

"Ahlan, mwanangu," Mzee Swaleh akasema, huku akivuta milango ya duka kuifunga. "Umekonda. Keti. Nikitoka kuswali Ijumaa, tutakula kidogo, kisha twende zetu."

"Mzee, jua..."

"Jua lina mwenyewe. Hebu keti."

Ningesema nini? Mtu anayetaka mechi iishe kabla Sabato haijaingia hawezi kumwambia mwenzake aiache Ijumaa yake. Nikakaa kwenye benchi nje ya duka lililofungwa, nikiwatazama wenye bodaboda wakigombania abiria, kivuli cha nguzo ya umeme kikisogea kwenye vumbi. Nilikikazia macho kile kivuli kama kipa anayesubiri faulo.

Aliporudi, kile "kidogo" kikatokea: sinia la pilau ya Bi Zuhura, mkewe, na kachumbari, na ndizi mbivu, na juisi ya ukwaju. Bi Zuhura alisimama mlangoni kuhakikisha.

"Wakati ule ulikuwa ukimaliza sinia peke yako," akaniambia. "Ama huko Ulaya walikuzibia tumbo?"

Nikala. Pilau ile nilikuwa nimeiota Uswidi, usiku wa baridi, nikila viazi vya kuchemsha na samaki wa chumvi, na sasa iko mbele yangu nami naimeza haraka haraka nikitazama nje. Hilo liliniuma. Mtu anazunguka dunia nzima akililia sinia moja, kisha akilipata hana nafasi ya kulifurahia. Nilimwambia Bi Zuhura nitarudi nile taratibu. Akasema stoo bado ipo, saruji pia ipo.

Homa Bay, samaki juu ya pilau

Refa wetu alikuwa Mwalimu Achieng', ambaye alinifundisha hesabu shule ya msingi na ndiye aliyenipa kadi nyekundu ya kwanza maishani, nikiwa darasa la saba, kwa kumjibu. Sasa amestaafu ualimu, anaishi Homa Bay, lakini kipenga hajakiacha. Tulimkuta kwenye kibanda cha samaki kando ya ziwa, kipenga shingoni, meza imeshaandaliwa kwa watu watatu.

"Mmechelewa," akasema. "Nimeshaagiza. Ngege watatu, na kuon ya kutosha."

Kuon ni ugali, kwa ninyi mnaodhani Kijaluo ni kelele tu. Nikamwambia tumetoka kula pilau. Akanitazama yale macho ya darasa la saba.

"Kwa hivyo umekula kwa Mzee, na kwa mwalimu wako hutakula."

Mzee Swaleh alipata njia ya kuponyoka. Akasema wakati wa Alasiri umefika, akaenda msikitini samaki wakiendelea kukaangwa, akaniacha peke yangu na Mwalimu. Nilikula samaki wangu na nusu ya yule wa Mzee. Nikasikia pilau na ngege vinagombania nafasi tumboni, nikawaza nitakimbiaje.

Tulipokuwa tukinawa, Mwalimu akaweka sheria zake mezani. Naye ni Msabato, na Sabato hiyo angelala Kosele aabudu kanisani kwa mama.

"Sikiza Okoth. Hakuna mapumziko, hakuna dakika za nyongeza. Jua likigusa vile vilima vya upande wa ziwa, mimi napuliza. Hata kama mpira uko kwa mstari wa goli. Tumesikizana?"

"Tumesikizana, Mwalimu."

Maneno ya jua yakanikumbusha Uswidi. Mji niliochezea uko kaskazini sana, na katikati ya kiangazi jua halizami kabisa. Linazunguka kule pembeni usiku kucha. Nilipomwambia mama kwa simu, hakushangaa kama watu wengine. Aliingiwa na wasiwasi. "Sasa wuoda," mwanangu, "Sabato yako inaingia saa ngapi kama jua halizami?" Ukweli ni kwamba kule nilikuwa nacheza kila Jumamosi na sikuwahi kujiuliza. Mama alikwenda kumuuliza mchungaji, mchungaji akaahidi kuulizia. Wiki iliyofuata mama akanipigia: "Bado anauliza. Wewe omba tu." Nilicheka sana siku ile. Baadaye usiku, usiku usio na giza, nilikaa dirishani nikamkumbuka hadi nikalia, na sioni aibu kuwaambia.

Nyuma ya marehemu

Tulipotoka Homa Bay jua lilikuwa limeanza kuteremka, lakini bado lilikuwa na nguvu. Tulibanana mbele ya pikapu, Mzee akiendesha, Mwalimu katikati, mimi mlangoni, jezi na gunia la njumu nyuma. Tukienda bila kusimama tungefika vizuri.

Nilikuwa nimesahau Ijumaa ya kwetu. Ndiyo siku ya kuwarudisha waliofariki nyumbani, wazikwe Jumamosi, na barabara zote zinajaa misafara. Kwenye kona ya tatu tukaukuta mmoja: gari la maiti mbele, limefungwa matawi, nyuma yake magari na pikipiki zikipiga honi, watu wakiimba kwa sauti zilizokauka. Walikwenda polepole, mwendo wa mtu asiye na haraka ya kufika.

Kwetu gari la maiti halipitwi. Najua. Nimelijua tangu utoto. Lakini niliangalia kulia nikaona barabara ni nyeupe, nafasi wazi kabisa, na mdomo ukanitoka.

"Mzee, hapo panapitika."

Mzee Swaleh alishusha mwendo zaidi. Mwalimu Achieng' ndiye aliyegeuka.

"Okoth, unataka kumpita marehemu uende wapi?"

Jua lilikuwa likiingia upande wangu, limeanza kuwa la manjano. Nikamwaza mama amekaa kwenye kiti pembeni ya uwanja, akiangalia barabara asiyoiona vizuri. Nikawaza wenzangu wakitazama saa zao na kuulizana. Nilikasirika, ndugu zangu. Nilikasirikia springi ya basi, pilau, samaki, hata marehemu ambaye hakunikosea lolote. Miaka yote nimekuwa nikichelewa kwenda nyumbani kwa sababu ya mpira, na siku niliyotaka kufika mapema, nyumbani kwenyewe ndiko kulikonichelewesha.

Tuliwafuata hadi walipokata kwenye njia ya vumbi kuelekea bomani kwao. Mmoja wa waombolezaji, mwanamke aliyekaa nyuma ya pikipiki na tawi mkononi, akatupungia kutushukuru kwa kumsindikiza mtu wao. Sote tukampungia. Hasira yangu ikaisha pale pale, sijui ilikwenda wapi. Mzee Swaleh akakanyaga mafuta.

Kosele

Uwanja ulikuwa umejaa. Watoto walikuwa juu ya kuta za choo cha shule, wachezaji, wale wazee wenzangu wenye vitambi, wamelala kwenye nyasi, na Otieno akaja mbio amekunja uso.

"Omera, mama ako hapa tangu mchana. Amekataa kurudi nyumbani hata kunywa maji."

Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mstari wa kati, amevaa tayari mavazi ya kanisa, kwa kuwa jua likizama angepitia kwenye maombi ya kufungua Sabato. Chakula cha kesho alikuwa amekipika tangu asubuhi, kila kitu kiko tayari. Nilipiga magoti mbele yake. Akanishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza kushoto na kulia kutafuta mahali jicho lake linaponipata.

"Umekula?"

"Nimekula sana, Mama."

"Basi kacheze. Jua linakwenda."

Tukagawana jezi, na hapo ndipo tulipogundua balaa. Mzee Swaleh alikuwa ametoa jezi za aina mbili: nyekundu na rangi ya chungwa. Kwa mwenye macho mazuri zinatofautiana. Nilirudi mbio kwa mama nikasimama hatua chache, nikamuuliza kama ananiona. Akakaza jicho.

"Naona watu. Wote ni moto mmoja. Wewe ni yupi?"

Otieno akasema atakaa karibu naye amwambie: yule, sasa yule, sasa pale. Mama akatikisa kichwa. "Sikuja kuambiwa. Kuambiwa nimeambiwa miaka yote."

Kisha akapeleka mikono kichwani, akafungua kitambaa chake. Ni kitambaa cheupe cha kanisani, cha kesho, kimefuliwa na kupigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Mama hatoki nje kichwa wazi. Lakini alikifungua mbele ya watu wote, nywele zake zikaonekana, nyeupe na chache kuliko nilivyozikumbuka, akanipa.

"Funga hii kichwani. Hiyo nitaiona."

Nilikifunga. Wenzangu walicheka hadi wakashika magoti, mmoja akaniita bibi harusi. Mwalimu Achieng' akatazama vilima, akapuliza kipenga, na tukaanza.

Sitawadanganya kwamba nilicheza vizuri. Pilau ilikuwa upande mmoja, samaki upande mwingine, na goti lilinikumbusha kuwa lipo kila nilipogeuka. Lakini uwanja ule naujua. Najua pale penye kichuguu, najua mpira unavyoteremka kuelekea goli la upande wa soko. Baada ya muda miguu ikakumbuka yenyewe. Naupokea, nainua kichwa, natoa kushoto. Naupokea, natoa kulia. Kila nilipogeukia mstari wa kati nilimwona mama, kichwa wazi, amekaa ukingoni mwa kiti, na uso wake ulikuwa unanifuata. Nikienda huku unakuja huku. Nikirudi unarudi. Nimecheza mbele ya maelfu, na siku nyingine walinishangilia, lakini sikuwahi kuangaliwa hivyo.

Nilianguka mara moja, kwenye tope lililobaki karibu na bomba, kitambaa kikanitoka. Nikakiokota, nikakifunga tena kilivyo, maana nilipokuwa bila kitambaa nilimwona amesimama akinitafuta.

Tulikuwa tunashambulia jua lilipogusa vilima. Mpira ulikuwa miguuni pangu, mbele yangu winga wangu wa zamani amejitenga peke yake, na kipa ametoka golini. Nikampa. Kipenga kikalia mpira ukiwa njiani. Winga akapiga, nyavu zikatikisika, watoto wakaruka, na Mwalimu alikuwa ameshageuka kuondoka uwanjani, mkono juu, haangalii nyuma. Hakuna goli. Hakuna aliyefunga. Watu walilalamika kidogo, kisha wakaanza kuaga, maana wengi wao ni Wasabato na hata wao walikuwa wanalitazama jua.

Nilimshika mama mkono tukatembea kuelekea kanisani, mwanga ukipungua, na kwa jicho lake ulikuwa umeshaisha. Nilisubiri aseme kitu. Nina miaka yangu, nimestaafu, na bado nilisubiri kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

"Kitambaa hakikai na mpira," akasema hatimaye.

"Vipi, Mama?"

"Nimeangalia vizuri. Mpira ukifika kwa kitambaa, kitambaa kinampa mwingine. Ukifika tena, kinampa mwingine. Hata ule wa mwisho ulikuwa wako, ukampa yule." Akatembea kidogo. "Hiyo ndiyo kazi ulikuwa unafanya huko kote?"

"Ndiyo, Mama. Hiyo ndiyo kazi ya kiungo."

"Ni kazi nzuri," akasema. "Nilidhani mnanyang'anyana tu."

Mlangoni mwa kanisa ndipo nilipokumbuka kitambaa. Nilikifungua kichwani nikakitazama kwenye taa: jasho, majani, na tope upana wa kiganja. Sabato ilikuwa imeshaingia, na Sabato hatufui. Hicho ndicho alichokuwa nacho cha kuvaa kesho mbele ya kanisa zima. Nikamwambia nitamwazimia kingine kwa Mwalimu Achieng' usiku ule ule.

Mama alikipokea, akakipapasa hadi vidole vikafika penye tope, vikasimama hapo. Kisha akakikunja na kujifunga kichwani, akalileta tope upande wa mbele, juu ya paji la uso.

"Wacha," akasema. "Kesho wakiniuliza hii ni nini, niwaambie nilienda mpirani kumwona mtoto wangu."